Cherehani ya Mayungu

Nguo za harusi zilikwisha Shaabani.
Msimu huu wa kusi naletewa vya upepo.

Tanga la Thoya nimelishona mara saba.
Kioo chake kimepauka, kimekakamaa kama ng'onda;
mlingoti huuacha mlangoni, watoto wakajikwaa.
"Ubao huu ni mzito," asema,
"lakini najua utakaponiangusha."

Tiara ya Sidi ikitandazwa, wateja husimama nje.
Haichaniki kidogo: mita mbili, mita tatu,
maana Sidi hataki kupita juu ya maji,
ataka kuyaacha.
Mwaka jana kamba zilimkata mkono.
Daktari alitia nyuzi kumi na moja.
Nilizihesabu. Mshono mbovu.

Sasa Shebwana kaja na bawa
amelikwapia kama mkeka.
Mlingoti hana, kamba hana,
ni viganja vyake na upepo tu.
Chini ya ubao pana mguu wa chuma, mwembamba,
na hata kwa upepo wa kukausha leso
ubao wainuka,
makofi ya mawimbi yanakoma.

Thoya kasema: mchezo wa kitoto.
Sidi kasema: polepole mno.
Jana alfajiri nimewaona
wakilinyang'anyana bawa hilohilo,
wakianguka, wakitema chumvi,
Thoya akicheka kwa sauti nisiyoijua.

Tundu lenyewe lilikuwa la upana wa kidole.
Shebwana kauliza bei.
Nikamwambia, niazime Jumamosi,
maji yakiwa kiunoni.
Akanitazama, akatazama buibui langu.

Suruali nimeshajishonea.
Imetundikwa nyuma ya mlango,
mabaki ya tiara, magotini viraka viwili.