Cha Shemeji

Muuza vitabu vya mtumba pale Kiboriloni
ananisogezea riwaya za mapenzi, na kimoja cha mapishi.
"Hicho cha roketi, dada, unampelekea shemeji?"

Nahesabu noti. Simjibu.

Shemeji husinzia ukurasa wa pili.
Anayekesha ni mama mkwe, Bibi Nakijwa,
miaka sabini na mitatu,
umeme umekatika, anamenya ndizi gizani:
"Wale tuliowaacha jana wanaelea, wamepata maji?"

Namsomea kwa tochi ya simu.
Nahodha akikosea sayari, anasonya,
ganda linaangukia beseni.

"Si angeuliza wanawake!
Mimi nilitolewa Usangi nikashushwa Kirua,
sanduku moja, lugha yao siijui,
baridi hiyo!
Yeye ndiye anifundishe kutua?"