Mabehewa ya Siagi

Odilia alituma rangi kutoka Dar,
vidonge vya pipi katika mifuko mitatu,
nyekundu, kijani, njano,
akaandika juu ya boksi kwa kalamu nene:
USIWEKE KARIBU NA INJINI.
Kondakta hakusoma. Au alisoma akacheka.
Chalinze jua, Mikumi jua,
na pale Ruaha Mbuyuni, ambako hata kitunguu hutoka jasho,
mifuko ikafunguka, rangi zikasalimiana,
zikakumbatiana, zikalala.
Kupanda Kitonga, baridi ikazishika hivyo hivyo.
Saa tano usiku, stendi ya Makambako,
nilipokea jiwe.

Kesho yake Baba anatimiza sabini na tano.
Miaka thelathini na mmoja alisimama kando ya reli
bendera mbili kwapani,
moja ya simama, moja ya nenda,
na upepo wa hapa, umvuao mtu kofia bila kubisha hodi.
Siku hizi treni ikipita hunyamaza katikati ya sentensi,
huhesabu mabehewa kwa midomo,
kisha huimalizia sentensi ileile.

Kwa hiyo: treni.
Kichwa kimoja, mabehewa kumi na matatu.
Fundi Mhema alinikunjia bati la kopo la maziwa
likawa behewa lenye makali.
Laurenti alijikata kidole kabla hajakata unga,
tukakifunga kitambaa, akaendelea kwa mkono wa kushoto,
ndiyo maana behewa la tatu limepinda
kama lililoacha reli.

Unga, siagi, sukari iliyotwangwa hadi ikawa vumbi,
yai moja (kuku wengine wamegoma, ni Julai),
ganda la limau lililokunwa.
Sufuria kubwa, mchanga ndani,
mkaa wa miwati chini, mkaa juu ya mfuniko,
na mimi nimeinama kama mtu anayesikiliza ya jirani.
Harufu ndiyo saa yangu.
Ikinukia siagi, bado.
Ikinukia nyumba nzima, epua.

Lile jiwe nililivunja kwa mchi,
nikaliyeyusha bakulini juu ya maji yanayochemka,
nikakoroga huku nikiomba
nyekundu ikumbuke kwao.
Haikukumbuka.
Ikatoka rangi isiyo na jina.
"Kama kidonda kinapopona," akasema Laurenti,
na sikuwa na neno bora.
Hapa na pale mstari wa kijani uliokataa kuzama,
ukucha wa njano.

Nilichovya. Ungefanyaje?
Moja moja, uso chini, geuza,
na upesi, maana jikoni mwetu
baridi ndiyo jokofu, na haina subira:
kufika behewa la tano bakuli limeshaganda,
rudisha motoni, koroga tena,
na mlango unapiga, unapiga.
Magurudumu ni karanga, nusu nusu.

Asubuhi nikaipanga mezani juu ya gazeti,
kutoka chupa ya chai hadi redio,
nikaanza kuomba radhi:
Baba, kichwa kilikuwa kiwe chekundu,
mabehewa yawe ya kijani, ila huko njiani joto...

Akainua mkono. Ule ule wa kulia.
Nikasimama.
Akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia,
midomo ikaanza kazi yake.
"Kumi na mawili," akasema. "Moja limeibiwa."
Laurenti akatazama dari.

"Na ishara hii," akagusa kichwa cha treni,
"haimo kitabuni. Si simama. Si nenda."
Upepo ukatikisa bati.
"Usiku mmoja wa ukungu niliitafuta rangi kama hii.
Nilitaka kumwambia dereva: pita,
lakini taratibu, usipige honi,
nyumba ya tatu kuna mtoto wa saa mbili."

Nyumba ya tatu ni hii.

Hakuongeza kitu. Akalichagua lile lililopinda,
akaanza nalo,
kama mtu anayeondoa ajali njiani.