Siku ya Kumi na Tisa

Waliniambia siku nne.
Nikafunga kanga mbili na nusu mche wa sabuni,
nikamwachia Rasoa ufunguo na kuku.
Leo ni ya kumi na tisa. Habari za kuku sina.

Siku ya tano damu ilipungua,
wakanitundikia mfuko wa mtu nisiyemjua.
Nilimshukuru kwa Kilogooli,
huenda alikuwa wa kwetu.
Ya nane, mshono ukaanza kutoa maji.
Daktari aliinama akaunusa
kama mama anusavyo maziwa ya jana,
akasema, tungoje.
Ya kumi na moja wakanigundua sukari,
mimi, ambaye chai yangu ni majani na mvuke.
Kisha homa, usiku mbili, ikaenda zake.

Kitanda cha pili, Mama Pelesia wa Ahero
goti lake limepona tangu Jumanne ya juzi.
Anatembea, anacheka, anawakunjia wengine shuka.
Anayemzuia ni mhasibu.

Mimi nilidhani ningetoka Ijumaa.
Ndipo akaja Chelagat, yule wa mazoezi,
akaketi na kalamu yake:
"Mama Kageha, nyumbani choo ni cha namna gani?"
Nikacheka mpaka mshono ukaniuma.
Cha shimo, mwanangu. Cha kuchuchumaa.
Na njia yake ni mawe matupu,
Maragoli hatuna tambarare ya kukopesha mtu.
Hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu.
"Nyonga hii haichuchumai.
Ukiilazimisha itachomoka kama mpini wa jembe."

Miaka thelathini na moja nilivunja kokoto,
nyundo mkono wa kulia, mguu mmoja umekunjwa chini yangu.
Kumbe na mimi nilikuwa nikivunjwa,
polepole, kwa kipimo cha debe.

Basi mwanangu Kisia anajenga kiti.
Amechukua rundo langu la mwisho,
lile ambalo mnunuzi wa Chavakali hakulirudia,
amechanganya na saruji mifuko miwili ya deni.
Chelagat alipima kiti cha choo cha wodi kwa utepe,
akamsomea urefu kwenye simu,
mara mbili, kwa sauti, wodi nzima ikisikia.
Lakini mvua ya kwetu ikifika saa tisa haibishi hodi.
Saruji haikauki.

Kwa hiyo ukipita hapa Kisumu
ukaona jina langu bado ubaoni
usiwaulize wauguzi ninaumwa nini.
Ninangoja saruji.
Kila asubuhi nasukuma fremu yangu hadi dirisha la mwisho,
hatua arobaini na tatu, jana zilikuwa arobaini,
nachungulia mawingu ya upande wa milimani
kama mtu aliyeanika mahindi.

Jana Kisia alipiga: "Mama, kimekauka juu."
Nikamwambia akalie kwanza yeye,
yeye mwenye kilo tisini na nane,
akae muda wa kusoma gazeti zima, na matangazo ya vifo.
Kisipobomoka
aje anichukue.