Amezaa Tisa, Hai Sita

Babu wa babu yangu hakupigana vita vya kutajwa.
Hakumwona rais, hakuiba farasi,
hakuchimba dhahabu ila ile ya mahindi,
na hiyo nayo, miaka mitatu, ilikufa ingali kijani.
Wendelin Raabe. Mkulima. Iowa.
Zaidi ya hapo, uliza karatasi.

Nimeziuliza. Niko chini ya jengo la mahakama ya kaunti
ambako vitabu vya hati vinanuka unyevu na gundi,
na karani, Bi. Lavonne, ananitengea majalada
kama mtu anayempa mgeni wa usiku kiporo:
ndicho kilichobaki chunguni, usinilaumu.

Sensa ya themanini wamemwandika Rabe.
Ya mia tisa, Robby, utadhani mtoto wa kucheza gololi.
Ya kumi, Raab, herufi moja imeliwa njiani.
Mwenyewe hakubishana. Kwenye hati ya shamba
penye sahihi amechora X,
X iliyolalia kushoto
kama nguzo ya ua iliyozoea upepo wa Januari.

Mali: farasi wawili, mmoja kipofu.
Nguruwe kumi na wanne. Plau ya chuma, ya mkopo.
Saa ya ukutani, haitembei.
Kanisa lilipojengwa wenzake walitoa dola,
yeye alitoa magunia matatu ya shayiri,
na pembeni mweka hazina ameandika: *amechelewa*.
Nikacheka peke yangu. Kumbe ni ugonjwa wa ukoo.

Nyumbani tulisimuliwa mengine.
Shangazi Verlene alisema Wendelin alivuka tufani ya theluji
na ndama shingoni, theluji kiunoni,
akinyonya barafu ya ndevu zake mwenyewe.
Kila Krismasi ndama aliongezeka uzito.
Mwaka ule shangazi alipotutoka, alikuwa fahali.

Safu ya kumi na moja hakuna aliyetusimulia.
Juni, mwaka elfu moja mia tisa. Karani wa serikali mlangoni,
buti za tope, kalamu sikioni,
na Apolonia ameinamia sufuria la sabuni.
Umezaa wangapi?
Tisa.
Wangapi hai?
Sita.
Akaandika. Akauliza habari za ng'ombe.

Tisa kutoa sita: hesabu ya darasa la kwanza,
nami nimeikalia tangu asubuhi.
Sensa ya tisini iliungua moto. Hata isingeungua,
aliyezaliwa na kufa kati ya hesabu mbili
hakuwahi kuwa hata tarakimu.

Ndipo Bi. Lavonne akaleta daftari la duka la mbao,
Tverberg na Wanawe, kurasa zimegandana.
Februari, themanini na saba.
W. Raabe, msonobari, futi kumi na mbili. Misumari, nusu ratili.
Siku nne mbele: W. Raabe, msonobari, futi kumi.
Siku mbili tena: W. Raabe, futi saba.
Misumari hakununua. Ilikuwa imebaki.

Hakuna ajengaye banda Februari.
Ardhi ni jiwe, sururu inarudi ikilia.
Dondakoo, nadhani. Daftari halisemi,
daftari linasema *deni*, na Oktoba *amelipa*,
kwa siagi na mayai, hadi senti ya mwisho,
na chini yake X.
Hii haikulalia popote. Imekandamizwa
mpaka karatasi ikatoboka.
Nimetia ncha ya kidole katika tundu lile.

Nikamkumbuka yule ndama.
Labda kweli Wendelin alibeba kitu, theluji kiunoni,
mara moja, na tena, na tena,
na baadaye pale mezani mtu fulani,
kwa huruma, au kwa kuchoka,
akaupa ule mzigo kwato na pumzi,
akaufikisha nyumbani ukiwa hai.

Nakala ni senti kumi ukurasa, anasema Bi. Lavonne,
na tunafunga saa kumi na nusu.
Nimelipia tatu.