Saa Moja na Dakika Kumi

Kwenye kioo cha kompyuta yangu, Dodoma hadi Dar es Salaam
ni kilomita mia nne kasoro kidogo,
saa moja na dakika kumi.
Nimesema hivyo miaka sita, kaunta ya pili, kando ya mizani.
Nimewaambia wabunge, maharusi, mafundi wa minara,
na yule mzee wa Kondoa aliyeuliza mara mbili
kama zile dakika kumi zinalipiwa kando.

Jumanne mama alikuja na kisanduku.
Cha bluu, cha kuuzia barafu za ubuyu,
amekiazima kwa Mbeleje, jirani yetu kule Mvumi.
Ndani, katikati ya mabonge ya barafu, kichupa,
na ndani ya kichupa kipande cha titi lake la kushoto,
kidogo kama punje ya karanga.
Daktari alisema hakihitaji barafu.
Mama alisema, Pwani kuna joto.

Nikakiweka kwenye mizani kama mzigo wa mtu yeyote.
Kilo mbili na robo. Karibu zote maji.
Nikaandika jina lake kwenye karatasi,
Sechelela Chidumizi Ndahani,
mkono ukaruka herufi, nikaichana, nikaanza upya.

"Kitafika saa ngapi?"
"Saa sita kasorobo, mama."
"Leo?"
"Leo."
Akacheka. Yeye katoka nyumbani jogoo wa kwanza,
na Mvumi ni hapo tu.
"Basi hao wataalamu watanijua
kabla sijafika kwangu."

Ndege ikapaa, ikakata mashariki
juu ya mashamba ya zabibu, ikawa inzi, ikawa hakuna.
Ilitua mapema, dakika nne kabla.

Hiyo ilikuwa Machi, uwele ukianza kutoa masuke.
Sasa umekatwa, umepurwa, umeingia ghalani,
nami nimeitangaza safari ile mara mia na ushee,
saa moja na dakika kumi, saa moja na dakika kumi,
na majibu bado.
Mashine imeharibika.
Mtaalamu yuko semina.
Piga Ijumaa.
Piga Ijumaa nyingine.
Nimeyatafuta kwenye kioo changu, yako wapi angani;
kioo kinaniuliza, siti ya dirishani au ya njiani?

Kisanduku kilirudi wiki ya pili, kitupu.
Nilikipima, sijui kwa nini.
Gramu mia nane na hamsini.
Mama alikisugua kwa majivu, akakianika siku mbili,
akakirudisha kwa Mbeleje na mia tano ya shukrani.

Jana nimepita pale. Watoto foleni,
midomo myekundu kwa ubuyu,
wanasukumana, wananyonya, wanadaiana chenji,
na karatasi yangu imeng'ang'ania ubavuni mwa kisanduku,
DOD kwenda DAR,
na jina la mama,
lililokaa sawa safari ya pili.