Amewaambia Watoe Mbuzi

Kaka yangu Osmund alifunga siku arobaini,
kisha Jumamosi moja, umande ungali kwenye majani ya mikorosho,
akapita nyumba kwa nyumba chini ya Mtandi
akibisha hodi, akisema kwa adabu:
"Toeni mbuzi. Toeni na watoto.
Saa nne nauambia mlima uende baharini
na njia yake ni hapa."

Mzee Chilumba alimpa kiti.
Mama Sesilia akatoa mbuzi wawili, beberu akamwacha kambani.
Wa kupimia, alisema.

Mimi nilikuwa ghalani, kwenye mizani ya ushirika.
Ni msomaji wa zamu katika kanisa la matofali
na najua kwamba mlima ni mfano.
Padre Kanuti ametufundisha vizuri:
mlima ni madeni, mlima ni kinyongo,
mlima ni lile usiloweza kumwambia mkeo.
Tunaitika amina, tunatazama saa,
wali uko jikoni.
Ngamia na tundu la sindano, mfano.
Yule kijana tajiri aliyeambiwa auze vyote, mfano.
Nina ekari sita za mikorosho na vyumba vitatu vya kupangisha,
na kila nikifungua ukurasa naona jinsi mifano
inavyokaa kwa heshima, mbali na hati zangu.

Osmund alikuwa na mashati mawili.
Alisoma, akabaki na moja.
Cherehani yake iko Nachingwea
kwa mtu ambaye hata jina hakumuuliza.

Lakini nisifiche:
ni yeye aliyemwaga vidonge vya sukari vya mama
chooni, mwezi wa tano, huku akiimba,
kwa kuwa imeandikwa ombeni,
haikuandikwa mezeni.
Nilimkimbiza mama Mkomaindo kwa bajaji,
ulimi wake mkavu kama ganda la korosho,
na njia nzima nikamlaani kaka yangu
kwa maneno ambayo hayakuwa mfano wa kitu chochote.
Niliyamaanisha herufi kwa herufi.

Saa nne kasoro nikafunga mizani, nikaenda.
Alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Aliuambia mlima bila kupaza sauti,
kama mtu anayemwamsha mgeni.
Tukangoja.
Kunguru mmoja akaruka kutoka mwambani
na umati wote ukashtuka, na mimi,
mimi msomaji wa zamu,
nikarudi nyuma hatua mbili.

Mlima ukabaki.
Mama Sesilia akawarudisha mbuzi wake.
Hakuna aliyecheka. Mtu aliyekuonya kwanza utoe mbuzi
kumcheka ni kazi.

Nyumbani mama akageuka kitandani, akasema:
"Msimsumbue. Mimi niliomba ubaki.
Mchicha wangu bila kile kivuli cha alasiri
utaungua."

Siku hizi Osmund anagonga kokoto mguuni pa mlima uleule,
nyundo mkono mmoja, mkono wa pili pete ya mpira wa baiskeli
ya kulizuia jiwe lisikimbie.
Malori yanakuja, yanapakia, yanashika barabara ya Mtwara;
kuna ujenzi huko pwani, wanasema madereva.
Nikamwambia, nikijiona nimepata:
"Kaka, huoni? Mlima unakwenda baharini,
debe kwa debe."

Hakuinua macho.
"Hii si imani, Yustino. Hii ni njaa.
Usiifanye mfano."

Nikanunua madebe mawili nisiyoyahitaji.
Akanirudishia chenji, mpaka ile mia
niliyomwambia aiache.

Na jioni ni yeye anayemchoma mama sindano.
Sijui nani alimshawishi; mimi sikuuliza.
Ananawa mikono, anaomba kimoyomoyo,
kisha anainua bomba kwenye mwanga wa taa
na kuzisoma zile namba ndogo mara tatu,
kidole kikifuata mstari,
kama anavyosoma kila kitu.