Kuku wa Kazi Mbili

Mwezi wa pili, bonde la Beauce.
Kipimajoto cha dirishani kimekata tamaa,
na Ozéline Poulin, miaka sabini na minne,
anavaa makoti mawili ya marehemu mumewe
kwenda kuokota yai moja.

Moja. Si haba.
Analitia kwapani, ndani ya sweta,
lisije likapasuka kwa baridi kabla ya kufika jikoni.

Kuku wake weupe wamejivimbisha juu ya fito
kama mito ya kitandani iliyosahauliwa nje.
Undu wa kuringia hawana:
utosini pana kidoa chekundu tu,
punje ya njegere, kifungo cha shati la mtoto.
Jogoo wa jirani, wa mzee Rosaire,
alikuwa na undu kama msumeno,
ukitikisika kila alipowika.
Januari baridi iliutafuna jino baada ya jino
ukawa mweusi, ukadondoka.
Rosaire alikesha akiupaka mafuta ya mgando.
Wapi!
Urembo una ushuru wake,
na huku mtoza ushuru ni theluji.

"Wako hawana sura," aliwahi kumcheka.
"Sura hailiwi," alijibu Ozéline. "Wala haitagi."

Kuku wa maskini, tumezoea kusema,
hatagi; akitaga, haangui;
akiangua, halei; akilea, mwewe huchukua.
Hawa sijui nani aliwaficha methali.
Wanataga hata Desemba,
jua linapochelewa kazini na kutoroka saa kumi.
Wanaatamia, vifua vipana kama masinia.
Na siku ikifika, sufuria nalo hupata haki yake.

Hapo ndipo pagumu.

Majina hawapi. Mwenye jina hachinjiki.
Anawavisha pete za rangi miguuni
na nyuma ya kalenda, kwa penseli, anaandika.
Buluu: mwaka wa kwanza, mia moja sabini na moja.
Wa pili, mia na sitini.
Wa tatu, mia na kumi na nane.
Tangu Novemba, sifuri, sifuri,
sifuri zimepangana kama mayai yasiyokuwapo.

Jumamosi Rosaire akaanguka kitandani,
kifua kikikoroma kama trekta bovu,
na binti yake yuko Montreal, barabara imezibwa.
Ozéline akatazama kalenda.
Akatazama shoka.
Akambeba Buluu kwapani, palepale pa yai,
na joto lilikuwa lilelile.

Kisiki. Pigo moja. Hakupepesa.

Ni baadaye, mkono ukiwa tumboni mwa kuku,
vidole vilipogusa kitu laini, akasita.
Shada la viini:
kimoja kikubwa kama jua la saa sita,
kingine kama zabibu, kingine kama dengu,
hadi kile cha mwisho, chembe ya mtama.
Buluu alikuwa amekwisha ona siku zinarefuka.
Alikuwa anajipanga.

Maji yakachemka mpaka yakachoka kuchemka.

Alivuka uwanja, theluji magotini,
bakuli limefungwa kwa kitambaa.
Rosaire alikunywa, akatafuna, akafumbua macho.
"Umetia nini humu?"
"Machi," akasema Ozéline.
"Nimetia Machi."

Usiku, nyuma ya kalenda, kwenye safu ya Buluu,
alilowesha ncha ya penseli kwa ulimi,
akaandika: kumi na moja.
Kisha akajumlisha.
Hesabu ni hesabu.